Mzigo Usiotuliwa Chini

Mimi ni mtu wa kabichi. Nasema mapema ili mtu asije akanikaba baadaye kwa maswali makubwa ya dini za watu. Najua kabichi, karoti na hoho, najua ukungu ukiganda bondeni ni nini kitaoza kwanza, na najua shingo yangu inabeba nini na haibebi nini. Mambo ya mahekalu ya Kalasinga nimeyajua kwa sababu moja tu. Jirani yangu tangu nizaliwe ni Kalasinga, na huwezi kukaa na jirani umri mzima usijue kwake kunapikwa nini na kunaombwaje.

Nyumba yake iko juu ya Gare, kijiji chetu cha milima ya Usambara, pale njia inapoacha mashamba na kuanza kuingia msituni. Zamani palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Baba yangu alipasua mbao pale, na Mzee, ndivyo ninavyomwita jirani yangu huyu, wakati huo akiwa kijana mwenye ndevu nyeusi, alikuwa fundi wa mitambo. Mitambo yenyewe iliondoka siku nyingi kama chuma chakavu. Kilichobaki ni nyumba ya Mzee, ghala lisilo na paa, na chumba kimoja cha mbao za mkulo chenye bati lililopakwa rangi nyekundu. Chumba hicho ndicho hekalu lao. Wenyewe huita gurdwara, na Mzee aliniambia maana yake ni mlango wa mwalimu. Sisi tulisema tu "kwa Kalasinga", na hakuna aliyepotea njia.

Nilikujua huko kupitia tumbo, nisiseme uongo. Nilipokuwa mdogo, kila Jumapili kulikuwa na chakula cha bure kwa yeyote anayefika. Walikuja wapasuaji mbao na wake zao, walikuja vibarua wa chai waliokuwa wakitoka upande wa Bumbuli kwenda kutembea kwa ndugu, walikuja wapita njia wasiojulikana na mtu. Ulivua viatu mlangoni, ulifunika kichwa, ulikaa chini kwenye mkeka katika mstari na wengine. Meneja wa kiwanda alikaa chini, na mfagiaji alikaa chini karibu naye, magoti yao yakigusana. Mama yangu mwanzoni alikuwa na wasiwasi. Alimuuliza baba, je, nyama ya kule inachinjwa na nani? Baba akamwambia hakuna nyama, ni dengu na chapati, na kwamba hajawahi kusikia dengu ikichinjwa. Tangu siku hiyo mama alitangulia mbele yetu sote.

Mke wa Mzee ndiye aliyegawa chapati. Alipita na kapu lake, na wewe ulitakiwa uipokee kwa mikono miwili. Ukinyoosha mmoja, alikuruka kama hakukuona, akaenda kwa mwenzako. Hakugomba, hakusema neno. Sisi watoto wa Kisambaa tulifundishwa hivyo hivyo nyumbani, kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, kwa hiyo tulijiona tuko kwetu. Wageni kutoka bara ndio walioshangaa kwa nini chapati zinawapita.

Ukutani mwa chumba hicho kulikuwa na picha za kalenda. Moja ilikuwa ya hekalu la dhahabu lililozungukwa na maji, huko walikotoka wazee wao. Nyingine ilikuwa ya jumba refu la Uingereza ambalo zamani lilikuwa kanisa, na waumini walipokwisha Makalasinga wakalinunua. Nyingine ya Kanada, yenye theluji juu ya paa. Ilikuwepo pia moja ya huko Kenya, kando ya njia kuu ya kwenda Mombasa, ambako madereva wa malori husimama kula bila kuulizwa dini wala kabila. Mzee alizipangusa vumbi na kutueleza, na kila mara hadithi ilianza mahali pamoja. Babu yake alikuwa seremala. Aliletwa na wenzake kwa kazi za reli, na reli ilipofika ilikofika, wengine waliifuata na wengine walifuata mbao. Wengine walivuka bahari kwenda kupasua miti ya Kanada. Babu yake alipanda huku.

"Kwa hiyo nyie kila penye mbao mpo," nilimwambia siku moja, nikiwa tayari mama mzima.

"Kila penye mbao," akajibu. "Na tukifika tunajenga vitu viwili kabla ya nyumba zetu. Chumba cha Kitabu, na jiko."

Kuhusu Kitabu itabidi nieleze, maana ndicho chenye habari yote hii. Kwa Makalasinga kitabu chao kitakatifu ndicho mwalimu wao, aliye hai, baada ya walimu wao wa kibinadamu kupita. Kwa hiyo hakiwekwi kabatini. Asubuhi kinafunguliwa kwa heshima chini ya kitambaa kilichotandazwa juu kama paa dogo, jioni kinafungwa, kinafunikwa, kinalazwa kwenye kitanda chake. Mtu anayekaa nacho hukipepea kwa mgwisho mweupe. Mzee hakusema "kile" wala "hiki". Alisema "Yeye". Mwezi wa saba, baridi ya kwetu inapomfanya mtu asitake kunawa uso, Mzee alitembea na sweta lililotoboka viwiko, na Kitabu kilikuwa na vitambaa vya sufu vitatu. Nilimtania kwamba Yeye ana mablanketi mengi kuliko mimi. Mzee alicheka, lakini hakumpunguzia hata moja.

Kiwanda kilipofungwa, familia zao ziliondoka moja baada ya nyingine. Nyingine mjini, nyingine Uingereza, nyingine kule kule Kanada kwenye theluji. Binti yake wa pekee alienda huko pia. Mke wa Mzee alifariki, Mungu ampe kheri, akabaki yeye. Chakula cha Jumapili kilipungua, sufuria kubwa likawa dogo, kisha likawa kikombe cha chai na chapati kwa yeyote atakayebisha hodi. Mimi nilikuwa nampelekea kabichi na yeye ananipa ushauri ambao sikuuomba kuhusu mabawaba ya milango yangu. Tuligombana mara kwa mara, kwa sababu ana kichwa kigumu na mimi simwachii mtu.

Binti alikuwa akipiga simu ya picha. Mara nyingi nilikuwepo, nimekaa jikoni nasubiri ndoo yangu niliyomletea kabichi.

"Baba, njoo huku. Chumba chako kipo, hekalu liko mtaa wa pili, watu wamejaa."

"Nani atamfungulia asubuhi?" alijibu Mzee, na simu ikaisha hapo. Miaka yote jibu lilikuwa hilo, na mimi, nakiri kwa raha kabisa, nilikuwa nalifurahia. Sikutaka aondoke.

Sasa masika iliyopita mambo yakabadilika. Magoti ya Mzee yalikuwa yamekwisha. Yalimbeba yeye mwenyewe kwa fimbo, basi, na asubuhi nyingine hayakumbeba hata yeye. Macho nayo yalianza kumkataa. Halafu mvua zikafungua bati la hekalu, na siku moja nilimkuta ameshika beseni juu ya Kitabu, hajui ameshika tangu saa ngapi. Nilimsaidia kusogeza kitanda.

"Sifai tena kumtunza," akasema. "Ashuke. Aende kwa watu."

Alipiga simu mwenyewe. Hekalu lao la mjini, huko chini tambarare, ukishapita Mazinde, lilikubali kumpokea Mwalimu, na binti akakata tiketi kuja kumchukua baba yake. Mipango ilikuwa hivi: Kitabu kishuke, Mzee ashuke nacho, alale mjini, kisha apande ndege na binti. Kulikuwa na jambo moja tu lililomnyima Mzee usingizi, na halikuwa ndege. Babu yake alikipandisha Kitabu kile mlima huu kwa miguu, kutoka relini Mombo, kichwani, bila kukiweka chini hata mara moja. Ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu hawekwi ardhini, na hawi chini ya watu. Mzee alitaka kumshusha vile vile.

"Akigusa tope wakati wangu," aliniambia, "basi yote niliyofanya hapa nimeyafanya bure."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Lakini nikaona kwamba kwake haukuwa upuuzi.

Siku ilipofika, barabara haikuwepo. Sisemi ilikuwa mbaya. Haikuwepo. Kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka juu yake usiku wa kuamkia siku ile, na gari lililotoka mjini lilisimama chini kabisa kwenye lami. Binti alikuwa amefika tangu juzi yake. Mwanamke wa rika langu, mwenye viatu vyeupe ambavyo saa hiyo havikuwa vyeupe tena. Kutoka kwenye gari alipanda kwa miguu msomaji wa Kitabu wa lile hekalu la mjini, mtu mnene, mpole, mwenye kilemba cha buluu. Alifika akihema, akanywa maji, akamshika Mzee miguu kwa heshima, kisha akauliza njia nyingine ni ipi.

Njia nyingine ni yetu. Ni ile ya wanawake wa sokoni, inayokata moja kwa moja mlimani, imechongwa ngazi za udongo na visigino vya bibi zetu. Mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa akishangaa pale alisema haina haja ya kuhangaika, yeye angekifunga kile Kitabu nyuma kwa mpira, vizuri kabisa, kama anavyofunga kreti za soda. Aliongea kwa nia njema. Mzee alimtazama mpaka akawasha pikipiki yake na kuondoka.

Basi wakafanya ibada yao. Kitabu kilifungwa kwa vitambaa safi, tabaka juu ya tabaka, na msomaji akakiweka kichwani. Alikuwa pekupeku, kama inavyotakiwa. Desturi yao ni mtu kutangulia akinyunyiza maji njiani, lakini maji siku hiyo tulikuwa nayo ya kutosha, yalikuwa yakitiririka yenyewe. Binti alifuata na mgwisho. Mzee na fimbo yake nyuma yao. Mimi nilishika mwavuli juu ya Kitabu, nikijinyoosha mpaka bega likauma. Walikuwa wakirudia jina la Mungu kwa Kipunjabi, polepole, na majirani waliotoka kuangalia walinyamaza bila kuambiwa.

Mahali tambarare tulienda vizuri. Tulipofika kwenye ngazi, msomaji alishuka ya kwanza, mguu ukateleza. Akapiga goti. Kitabu hakikusogea, alikuwa amekikumbatia kwa mikono yote miwili, lakini binti alipiga kelele na Mzee akafumba macho. Msomaji alisimama, akatazama chini kule njia inakopotelea kwenye migomba, kisha akasema wazi wazi, "Mimi siwezi. Nikianguka peke yangu ni sawa. Naye siwezi."

Nilimheshimu kwa maneno hayo. Wanaume wengi ninaowajua wangeendelea kushuka kwa ajili ya kulinda sura.

Tukatazamana. Binti alivua viatu, akajaribu ngazi moja mikono mitupu, akarudi. Mzee alikuwa hatazami ngazi. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "wewe unashuka hapa na gunia."

"La kabichi," nikasema. "Mzee, la kabichi."

"Ni shingo hiyo hiyo."

Nilikasirika. Hofu ikinijia mimi hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimwambia mimi ni Mwislamu, kitu chao nitakigusaje, na kesho kijijini wataniambia nini, na kwa nini lazima iwe mimi. Msomaji ndiye aliyenijibu, taratibu. Alisema mwalimu wao wa kwanza alipozunguka dunia kwa miguu, rafiki aliyekwenda naye nchi zote, akimpigia ala, alikuwa Mwislamu. Alisema kama ni mkono safi na moyo safi, yeye hana neno. Nilisimama pale, mvua ikinidondokea. Nikajiambia hakuna aliyeniomba niswali swala yao. Jirani ananikabidhi amana, na amana dini yangu inaijua vizuri sana.

Nilinawa miguu na mikono kwenye maji ya mfereji. Nilijifunga mtandio ukafunika nywele zote. Nikaomba kitambaa cha kufanya kata, maana sibebi kitu kichwani bila kata hata kiwe kitakatifu namna gani. Mzee akafungua mkoba wake wa safari, akatoa kilemba kipya, cheupe, ambacho alikuwa amekinunua avae siku ya kupanda ndege. Nikakizungusha, nikakiweka.

"Nitwisheni," nikasema, nikampa msomaji mwavuli.

Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, lakini uzito wake ulikuwa umetulia. Kabichi hucheza ndani ya gunia. Kile hakikucheza. Nilishika ngazi ya kwanza kwa kidole gumba cha mguu, ya pili, ya tatu, nikaacha miguu ifanye kazi yake. Nyuma nilisikia fimbo ya Mzee na jina la Mungu. Nilikuwa na hofu, sitaki kujifanya shujaa, lakini chini ya hofu kulikuwa na furaha fulani, kama ile ya utotoni ukitumwa dukani mara ya kwanza peke yako.

Katikati ya njia ile kuna mahali tunapaita kituoni. Ni ukingo wa udongo uliochongwa kimo cha bega, mgongoni mwake kuna mti na maji yanapita. Kila mwanamke anayeshuka sokoni hufika pale, hugeuza mgongo, huinama kidogo, mzigo ukakaa ukingoni bila msaada wa mtu. Unapangusa jasho, unakunywa maji, unasalimia aliyekukuta, unasengenya kidogo, unaendelea. Mama alinifundisha, na yeye alifundishwa. Hakuna anayepita kituoni bila kutua. Sijawahi kupita mimi.

Basi nilifika kituoni, na mwili wangu haukuniuliza. Niligeuka. Nikainama. Udongo mwekundu uliolowa ulikuwa karibu kabisa na kile kitambaa, na mimi nilikuwa nafikiria maji ya kunywa. Ndipo nilipoona uso wa binti, mdomo wazi, hauna sauti.

Nikaganda. Kurudi juu sikuweza, goti lilikuwa limeshakunjika na tope chini yake lilikuwa linateleza. Kuendelea kuinama mpaka Kitabu kiguse udongo ndicho kile kitu kimoja ambacho Mzee alikiogopa duniani. Nilimsikia anakuja. Nilingoja makelele yake, kwa kuwa huwa anapiga makelele hata kwa msumari uliopinda. Hakupiga. Alipita mbele yangu, akaegemeza fimbo kwenye mti, akakanyaga mzizi, akajivuta juu ya ukingo kwa mikono, akakaa pale pale ninapotua kabichi zangu, ndani ya tope, na suruali yake safi ya safari.

"Niletee hapa," akasema, akainamisha kichwa.

Msomaji na binti wakashika pembe, tukamtwisha. Mzee alikaa wima, mikono miwili juu, Kitabu kichwani. Magoti yake hayakuwa na kazi ya kufanya, na shingo ilikuwa nzima. Machozi yalikuwa yakiingia kwenye ndevu. Niliona kwamba hakuwahi kutegemea kukibeba tena, na sasa alikuwa anakibeba. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikalia pia, kwa sababu mwili wangu ulikuwa karibu kuniumbua na badala yake ukampa Mzee kitu.

Wakati tumekaa hivyo, wanawake wa sokoni wakaanza kufika. Waliona kituo kimekaliwa, wakasimama na vikapu vyao vichwani. Mmoja akasema shikamoo, Mzee akaitikia marahaba bila kugeuza shingo. Kisha akawaambia kwa Kisambaa chake kizuri watue, nafasi ipo upande huu na upande ule, na akamwambia binti afungue chakula cha safari.

"Baba, kile ni cha njiani."

"Na hapa ni wapi?"

Binti akafungua. Zilikuwa chapati na dengu nzito kwenye bakuli la bati. Akapita kwa kila mtu, na mimi nikaona jambo lililonichekesha katikati ya machozi yangu. Mmoja wetu, msichana mwenye mambo yake, alinyoosha mkono mmoja, na binti, bila kufikiri, akamruka. Alikuwa ameishi Kanada miaka yote hiyo na bado alikuwa mtoto wa mama yake. Yule dada akatoa mkono wa pili haraka. Tulikula tumekaa chini, msomaji wa Kitabu, wauza karoti, binti mwenye viatu vilivyoharibika, wote kwenye tope moja, na Mzee juu yetu ukingoni, haombi hata maji.

Nilipopumzisha shingo, walinitwisha tena. Sehemu iliyobaki niliishuka vizuri. Kwenye lami gari lilikuwa limetandikwa shuka jeupe kiti cha nyuma, na msomaji alikaa kwanza ili akipokee Kitabu kichwani mwake. Kilitoka kwangu kikaenda kwake bila kugusa kitu kingine. Mzee alikuwa amesimama, ameshika mlango wa gari, anatazama. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kitambaa, akakaa hivyo kidogo. Kisha akauvuta mkoba wake wa safari kutoka kwenye buti.

"Baba, ingia," binti akasema.

"Wewe nenda naye, umfikishe. Mimi napanda kurudi juu."

Wakaanza kubishana, na kwa kuwa walibishana Kipunjabi sikuelewa yote, lakini mambo ya baba na binti hayahitaji mkalimani. Binti alisema hakuna tena sababu. Kwamba Mwalimu amepata watu wa kumfungulia, na baba mwenyewe alisema miaka yote kwamba anabaki kwa ajili hiyo. Hilo aligeuka akalisema kwa Kiswahili, ili nimsaidie. Sikumsaidia. Mzee aliangalia kule juu tulikotoka.

"Kule kituoni," akasema, "nani atawapa chapati?"

Binti alikaa kwenye ukingo wa barabara akalia, halafu akacheka kwa hasira, halafu akavua sweta lake nene la Kanada akamvalisha baba yake juu ya lile lililotoboka. Aliniambia, "Dada, huyu nakuachia." Nikamwambia tangu lini si wangu. Gari likaondoka polepole kuelekea Mombo, na sisi wawili tukaanza kupanda. Ilituchukua mpaka swala ya alasiri, na njia nzima alinikosoa jinsi nilivyokuwa nashika mwavuli.

Hekalu sasa ni chumba tu. Mzee amehifadhi humo magunia ya unga na dengu, na binti hutuma salamu za watu wa hekalu lake la kwenye theluji, ambao wamesikia habari zetu na wanauliza kama kituoni kuna paa. Asubuhi na mapema msomaji wa mjini humpigia simu, na Mzee huiweka sikioni asikie Mwalimu akifunguliwa. Baada ya hapo, siku za soko, hushuka na fimbo mpaka kituoni. Wanaume wa kijijini walimchongea ngazi pana zaidi na kuzitia mawe, akawalalamikia kwamba hazijanyooka. Jiko lake ni la mafiga matatu, kando ya maji. Birika la chai ya tangawizi halitoki motoni.

Mimi hufika na gunia langu, nageuza mgongo na kuinama kama nilivyofundishwa. Lakini gunia haligusi udongo siku hizi. Kabla halijafika, mikono miwili huwa imeshalipokea kutoka nyuma, na magoti ya Mzee yanalia, na mimi namgombeza akae chini mzee mzima asije akavunjika. Hanisikilizi. Analishika mpaka nimetoka chini yake, analilaza taratibu ukingoni, kisha anageukia kapu la chapati na kunisubiri nifute mikono yangu, yote miwili.